Uliza Nani Alibeba

Mwaka juzi vijana wa kwaya moja hapa Chanika, Handeni, walinijia nyumbani jioni wakiwa na daftari la michango. Walitaka kufanya safari ya mafunzo nje ya nchi, wakasome historia ya Ukristo wa mwanzo na kuona magofu ya kale. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa umejaa: Yerusalemu, Bethlehemu, Roma, Athene. Ukurasa wa pili, ule wa fedha, ulikuwa na majina kumi na mawili, na jumla yake haikufika nauli ya mtu mmoja kwenda Nairobi na kurudi. Mke wangu akawamiminia chai, nami nikawauliza jambo ambalo huwauliza wanafunzi wangu wa historia kila Januari. Wamisionari wa kwanza walipopanda huku bara walikuja na vitabu, dawa, divai ya altare, vioo vya madirisha, kengele. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Kabla ya hapo, mizigo ile nani aliibeba?

Kimya. Kisha mmoja akasema, "Punda, mwalimu."

Punda angekufa njiani kwa ndorobo. Mizigo ilipanda vichwani na mabegani mwa watu, na miongoni mwao walikuwamo Wazigua na Wabondei, babu zetu hasa. Majina yao hutayakuta kwenye kibao chochote cha marumaru.

Nawaandikia vijana wale, na walimu, viongozi wa vijana parokiani na wanachuo wenye hamu kama yao. Safari hii inawezekana hata kwa mfuko wa Handeni, ilimradi uanzie mlangoni kwako na uende na swali. Asiye na swali hupiga picha mbele ya ukuta, akarudi, na akiulizwa ameona nini husema "pazuri sana." Swali langu mimi ni hilohilo, nani alibeba, na nimelijaribu kila mahali nilipofika. Halijawahi kurudi mikono mitupu.

Basi anza nyumbani. Kideleko ni hapa hapa, misheni kongwe ya Anglikana, na bado wako wazee waliobatizwa pale enzi za UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Usiende na orodha ya maswali ishirini kama karani wa sensa. Peleka sukari kilo moja, amkia, kaa. Muulize bibi jina la bibi yake, na aliyembatiza, na kama alibatizwa akiwa mkubwa au mtoto, na ndugu zake waliobaki Waislamu walisemaje. Swali hili la mwisho ndilo lenye utajiri. Hapa kwetu ukoo mmoja una Athumani na Yohana, wanazikana na kuozana, na anayetaka kuandika historia ya kanisa la Uzigua bila msikiti ataandika nusu. Kwa hiyo, ukiunda kundi, usiwaache vijana wa Kiislamu. Njiani kuna magofu ya misikiti ya Tongoni na ya Kaole, na huko watakaowaongoza wenzao ni wao.

Kuna jambo jingine la kulijua kabla hujaondoka, na si tamu. Miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Watu walishuka pwani kujiuza au kuuza watoto ili wapate kula, na wengi wakapelekwa Somalia, kwenye bonde la Mto Juba. Wazao wao wapo hadi leo, wanasema Kizigua, na baadhi yao wamehamia Marekani baada ya vita vya Somalia. Hiyo ndiyo nusu tunayopenda kuisimulia. Nusu ya pili ni kwamba Wazigua walipopata bunduki kwa biashara ya pwani, nao waliwateka jirani zao milimani na kuwauza. Kijana anayekwenda Unguja kuangalia lilipokuwa soko la watumwa na awe amekwisha kuambiwa hayo na mtu wa kwao, kuliko kuyasikia kwa mara ya kwanza kwa mtembeza wageni.

Sasa makaratasi, kwa ufupi maana yanachosha. Barua ya utambulisho iwe na mhuri wa shule au parokia, nakala tano, yenye majina yote na namba ya simu ya anayeongoza. Kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa, na mwanafunzi awe na cha shule, kwa sababu sehemu nyingi Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, lakini mlangoni hawasomi sura, wanasoma kadi. Mnaovuka kwenda Kenya hamhitaji viza. Mnahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Ifuatilieni mwezi mzima kabla. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na sasa hudumu maisha yote, kwa hiyo ni gharama ya mara moja. Wenye watoto chini ya miaka 18 wapate idhini ya mzazi kwa maandishi.

Fedha ishikwe na wawili, na mmojawapo asiwe kiongozi wa msafara. Nimeliona kundi likigombana Bagamoyo juu ya chapati.

Safari ya kwanza na iwe ya siku moja: Korogwe, Segera, Muheza, hadi Magila. Kutoka Chanika hadi Korogwe ni lami, kilomita zipatazo 65. Muheza mjini mtapata bodaboda au noa ya kukodi, mpande kwenye mashamba ya machungwa mpaka mwone kilele cha Mlinga kimesimama nyuma ya kanisa la mawe. Wenyeji wanapaita Msalabani. UMCA walipata mahali hapo mwaka 1868, na mwaka 1875 padri Farler akaja kukaa. Kabla yake alikuwa amekwisha kupita mmisionari Krapf, aliyefika Vuga kwa mfalme Kimweri mwaka 1848 na tena 1852, na mzee Kimweri akampokea vizuri. Nikifika Magila huwaambia wanafunzi wasiingie kanisani kwanza. Waende makaburini wasome majina na umri. Wazungu wengi walikufa vijana sana, kwa homa. Kisha watafute kaburi la Mbondei wa miaka ile ile, waone jinsi lilivyo gumu kulipata. Nusu saa ya kutafuta namna hiyo inafundisha kuliko hotuba yangu.

Safari ya pili ni Bagamoyo na Unguja, na hii ni ya siku tano. Shukeni kwa barabara ya Mkata, mvuke Wami, mfike Msata, halafu mchukue ya Bagamoyo. Kabla ya Msata mnapita jirani na Mandera, walikoanzisha misheni mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1881. Wachache huijua, mwenye muda aipitie.

Bagamoyo mapadri hao walifika mwaka 1868. Walinunua watumwa, watoto kwa wakubwa, wakawapa kijiji, shamba na karakana. Leo kuna makumbusho ndani ya eneo la misheni, makaburi yao, na mnara wa kanisa la kwanza. Hapo ndipo mwili wa mmisionari Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Nani alibeba? Kwa mara moja majina yanajulikana, walau machache: Chuma na Susi waliongoza, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik, India, ndiye aliyesoma sala za maziko kule Chitambo, ulipozikwa moyo wake chini ya mti. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai, wakatembea nao miezi zaidi ya minane. Waliopokezana zamu za mabega ni wengi, na wanawake walikuwamo. Wainwright alisafiri nao hadi London, akasimama Westminster Abbey Aprili 18, 1874. Chuma na Susi, waliokuwa na huyo mzee miaka mingi zaidi, hawakuwahi maziko.

Wapeni wanafunzi jambo hilo walijadili wakiwa wamekaa chini ya mbuyu wa misheni. Msiwape jibu.

Baada ya mchana nendeni Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini. Msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Ni muhimu kundi lione kwa macho kwamba padri alipotia nanga hapa, pwani hii ilikuwa imeswali kwa miaka mia sita.

Kwenda Unguja ni kwa boti ya kutoka Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Handeni ambaye hajawahi kuona bahari mpangie kiti cha chini, nyuma, na asubuhi ale mkate mkavu na chai ya tangawizi, si chipsi mayai. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alichovya kidole pale gatini, akakilamba, akatema, akacheka peke yake. "Kumbe kweli," akasema. Nilikuwa nimemfundisha miaka mitatu kwamba maji ya bahari yana chumvi.

Unguja, Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, ndipo pa kukaa sana. Wengi hupita dakika arubaini, wakashuka kwenye vyumba vya chini, wakapanda, wakaondoka. Wewe panga siku nzima. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini na Seyyid Barghash Juni 1873, na mwaka huo huo, sikukuu ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale pa soko. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia. Alipenda mambo makubwa: dari akalijenga kwa zege la mawe ya matumbawe na saruji, la mviringo, bila nguzo katikati, na watu wakawa wanangoja lianguke. Halijaanguka. Karibu na mlango wa magharibi tafuteni nguzo ndogo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu alipokuwa safarini. Naye aliporudi akaziacha. Napenda nguzo zile kuliko kitu kingine chochote katika jengo lile, kwa sababu ni alama ya mikono ya mafundi wenyewe, ambao wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru. Ni kama wamesaini.

Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ulioufunika moyo wa Livingstone. Aliyetoka Bagamoyo siku mbili nyuma ataunganisha mwenyewe. Sakafuni mbele ya altare kuna alama ya duara, wanapasema ndipo palipokuwa na nguzo ya kuchapia watu viboko. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Kuhusu vile vyumba vya chini, kuwa makini. Utaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimosukumwa kwa makumi kungoja mnada. Jengo lililo juu yake ni la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba vyumba vile ni vya enzi za soko. Usiwazuie vijana kushuka, na usimbishie mtembeza wageni mbele ya watu. Ana watoto wa kulisha. Lakini jioni mkirudi gesti, waulize: tungejuaje? Ungetafuta nini ukutani? Mwanafunzi akijifunza kuuliza hivyo bila kukana mateso yaliyotokea uani pale pale, nauli yake imelipa. Nje mtaona sanamu ya watu watano ndani ya shimo, shingoni minyororo. Ni kazi ya Clara Sörnäs, ya mwaka 1998, na minyororo ni ya kale kweli.

Na hapa uliza kisa cha wavulana watano. Askofu Tozer wa UMCA alipofika Unguja mwaka 1864 hakuwa na muumini hata mmoja. Sultani Majid akampa watoto watano waliotekwa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Kanisa zima la Anglikana la upande wetu, na Magila na Kideleko ndani yake, limeanzia kwa watoto wale, ambao hawakuombwa ridhaa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwa naye, akawa padri mwaka 1890. Hayo nayaweka juu ya historia ya askofu yeyote.

Wasichana nao wana mahali pao: Mbweni, kusini kidogo ya mji. UMCA walinunua shamba hilo mwaka 1871, na magofu ya shule ya wasichana walioachwa huru bado yamesimama kati ya miti. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akafundisha, akazeekea hapo na kuzikwa hapo. Makundi mengi hayafiki kwa sababu mtembezaji wa mjini hapati kitu Mbweni. Panda daladala.

Niseme na kosa langu. Msafara wa kwanza niliouongoza ulikuwa wa watu 18, tukafika kwenye kanisa moja kongwe la pwani Jumamosi saa nne asubuhi. Kulikuwa na harusi tatu mfululizo. Sikuwa nimepiga simu. Tulikaa ukutani mpaka saa tisa, tukila karanga, tukawaona maharusi sita, na historia hatukuiona. Kutembelea makanisa kuwe kati ya Jumatatu na Alhamisi, upige simu wiki moja kabla na tena siku moja kabla, na Jumapili mwende ibadani kama waumini, si kama wageni wenye kamera. Nguo ziwe za staha: Unguja ni mji wa watu, na khanga mbili begani mwa msichana zinamfungulia milango ambayo barua yenye mhuri haifungui.

Sasa nje ya nchi. Kwa mtu wa Handeni na Korogwe, nje ya nchi iliyo karibu na yenye mali nyingi ni Mombasa. Segera, Tanga, Horohoro, Lunga Lunga. Mkiondoka alfajiri mnalala Mombasa. Tanga mwongeze nusu siku kwa Tongoni, njia ya Pangani. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo mengi kuliko utakavyoona mahali pengine, bahari ikiyasogelea. Majirani wa huko wanafahamu miamba ambako mojawapo ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Akirudi mwaka uliofuata akaichoma moto kwenye maji hayo hayo, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha meli zote tatu. Ukristo wa kwanza kuikaribia Tanga ulikuja na mizinga na ukaungua.

Mpakani msibadilishe fedha na wale wa mkononi walio nje. Badilisheni kidogo kwenye duka lenye risiti, nyingine mtoe kwa simu au benki mkifika. Feri ya Likoni kwa mtembea kwa miguu ni bure, kwa hiyo shukeni garini mvuke kwa miguu pamoja na umati. Hilo nalo ni somo.

Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ina bei ya kiingilio kwa raia wa Afrika Mashariki, na mkiwa na barua ya shule ulizeni ya wanafunzi. Watu huenda kuangalia mizinga. Mimi nawapeleka vijana kwenye kisa cha Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, aliyepelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jeronimo, akarudishwa kutawala, kisha Agosti 1631 akamuua kapteni wa ngome kwa mkono wake na kurudi kwenye Uislamu. Wakristo waliokataa kumfuata waliuawa, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waafrika, wanaume na wanawake. Kisa hiki hakina upande mwepesi, na kundi lenye Athumani na Yohana ndilo linaloweza kukizungumza kwa haki.

Asubuhi ya pili nendeni Kengeleni, upande wa Nyali. Jina la mtaa limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa na CMS, misheni nyingine ya Waanglikana, miaka ya 1870. Halafu Rabai, kwa barabara ya Nairobi hadi Mazeras na kukata kulia. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto mchanga. Mwaka 1846 akahamia Rabai na mmisionari mwenzake, Rebmann. Rebmann alikaa pwani hii miaka 29, akaondoka mwaka 1875 akiwa kipofu. Waumini wao wa kwanza walihesabika kwa vidole: Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa mahututi mwaka 1851, na rafiki yake Abe Gunja. Walioijaza Rabai baadaye walikuwa watumwa waliotoroka mashambani pwani. Siku ya mwaka mpya wa 1889 zaidi ya 1,400 walilipiwa na kupewa hati za uhuru kwa mpigo. Walimu wao walikuwa wale waliosoma India, wenyeji wakiwaita Wabombei, akina William Jones na Ishmael Semler. Jones na Semler ndio waliokuwa wakifundisha na kuhubiri kwa lugha ya watu. Rebmann alikuwa akiandika kamusi.

Rabai pia kuna kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ulio kwenye urithi wa dunia tangu 2008. Msiingie bila wazee. Mkiruhusiwa mtavua viatu na mtatembea kwa mpangilio wao. Nimemwona katekista mmoja akisita pale langoni, Biblia kwapani. Mzee wa kaya akamwambia, "Ingia, mwanangu, huu ni msitu, haukuli." Akaingia.

Wapo watakaouliza: na huo Ukristo wa mwanzo hasa, wa karne za kwanza? Huo mwone Ethiopia, si Roma. Krapf mwenyewe alitoka huko, alifukuzwa Shoa kabla ya kuja Mombasa. Hii ni safari ya wanachuo wenye ufadhili au parokia iliyochanga miaka miwili, kwa ndege hadi Addis Ababa. Aksum kuna minara ya jiwe moja moja, na sarafu za mfalme Ezana wa karne ya nne, ambazo mwanzoni zina mwezi mwandamo na baadaye zina msalaba. Lalibela kuna makanisa 11 yaliyochongwa kuanzia juu kwenda chini ndani ya mwamba, yameandikwa urithi wa dunia mwaka 1978. Kabla ya kukata tiketi fuatilia hali ya usalama kwa ubalozi: Tigray ilikuwa na vita kuanzia 2020 hadi 2022, na Amhara, iliko Lalibela, imekuwa na mapigano tangu 2023. Ikiwa si shwari, ahirisha, mwamba utakungoja. Jumatano na Ijumaa hutapata nyama kwa muumini, ni siku za mfungo. Krismasi yao ni Januari 7. Na furaha moja ndogo: wanahesabu saa kama sisi. Ukimwambia Mwethiopia saa mbili asubuhi ataelewa saa mbili asubuhi, wala hahitaji kujumlisha sita.

Huko nako uliza nani alibeba. Habari za kale zinasema Frumentio, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Aksum, hakwenda kuhubiri. Alikuwa kijana katika chombo kilichovamiwa kwenye Bahari ya Shamu. Mabaharia wakauawa, yeye na mwenzake wakachukuliwa kuwa watumishi wa mfalme. Mtoto aliyenusurika chomboni, akalelewa na watu asiowajua. Aliyesimama Mkunazini akasikia habari za wavulana watano atashtuka. Kuhusu Lalibela wenyeji husimulia kwamba mchana walichonga watu na usiku malaika. Sina ugomvi na malaika. Lakini kila kipande cha jiwe kilichochongwa ndani ya mashimo yale kilipaswa kutolewa nje, na kikapu kina mkono wa kushikwa na mtu.

Wale vijana wa kwaya walikwenda Magila Agosti ya mwaka ule ule waliponijia, watu kumi na wanne, na mwaka uliofuata Unguja. Mombasa wanachangia sasa. Daftari lao lina kurasa thelathini zilizojaa, nyingi zikiwa ni maneno ya wazee wa Kideleko, na tangu walipoanza, watatu kati ya wazee hao wamefariki. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukifunga makala hii usikimbilie ofisi ya mabasi. Nunua daftari la kurasa mia, kalamu mbili na kilo ya sukari, uende kwa mzee aliye jirani nawe wiki hii. Ukimaliza kuandika toa nakala mbili: moja ofisi ya parokia, moja maktaba ya shule. Na juu ya ukurasa wa kwanza andika jina lake kamili, na la baba yake, na la bibi aliyemlea.